Kompyuta Huanzia Kwenye Fizikia

Kila ninapozungumza na wazazi wa Eastlands kuhusu watoto wao na kompyuta, swali la kwanza huwa ni chuo kikuu gani kizuri. Nairobi, Juja, Strathmore, au kile cha binafsi kilicho karibu na Thika Road? Ni swali la haki, ila mara nyingi huulizwa wakati jibu lake limekwisha kuamuliwa na jambo jingine, lililotokea miaka miwili au mitatu nyuma katika shule ya kutwa, siku mwanafunzi alipopewa karatasi ya kuchagua masomo na kuiacha fizikia.

Tembea kutoka raundabauti ya Kariobangi Kaskazini hadi upande wa Kariobangi Kusini, uhesabu saiba njiani. Karibu kila moja ina ubao uliopakwa rangi: KUCCPS, HELB, KRA, cheti cha tabia njema, na chini kabisa, pakeji za kompyuta. Ubao huo unaonyesha vizuri tunavyoielewa kompyuta mtaani. Kijana akimaliza Kidato cha Nne hupelekwa kujifunza kuchapa barua, kupanga hesabu kwenye majedwali na kutuma barua pepe, na mzazi huamini kwamba hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya digrii. Pakeji zina faida yake. Karani wa duka la vipuri pale jua kali hawezi kufanya kazi bila kuzijua. Lakini hazihesabiwi popote katika kuingia chuo kikuu, na mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta atasoma miaka minne bila kuulizwa hata mara moja kama alikuwa na cheti hicho.

Hata somo la kompyuta la shuleni, lile linalotahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, halina uzito ambao wengi hulipa. Baraza la Mitihani, KNEC, limeliweka katika kundi la nne pamoja na kilimo, sayansi kimu na useremala. Anayelisoma hupata mwanga mapema, na likimpa alama nzuri linaweza kumsaidia. Asiyelisoma, kwa sababu shule yake haina maabara, hajafungiwa mlango. Mlango unafungwa na hisabati na fizikia. Haya mawili ndiyo hutangulia katika masomo yanayopimwa kwa ajili ya kozi za kompyuta, na vyuo vingi huweka C+ katika kila moja kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuomba. Hisabati inayotakiwa ni ile ya kawaida, yaani chaguo A. Wanaofanya chaguo B, lile jepesi, wajue kwamba kozi hizi haziwahusu.

Hisabati inaeleweka kwa urahisi ukiona kazi yenyewe. Chukua orodha ya namba za simu milioni 1, zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na unatakiwa kutafuta moja. Ukianza mwanzo na kwenda moja moja, unaweza kufanya hatua milioni nzima. Ukiangalia ya katikati kwanza, ukajua ile unayoitafuta iko upande gani, ukatupa nusu nyingine, ukarudia hivyo hivyo, hatua 20 zinatosha. Orodha ikiongezeka maradufu, unaongeza hatua moja tu. Nani amekuhakikishia kwamba ni 20? Hesabu ya vipeo na logi ambayo mwalimu wa Kidato cha Tatu alikuwa akiifundisha huku darasa likisinzia. Sayansi ya kompyuta ni hiyo: kuthibitisha, kabla hujaandika chochote, kwamba njia uliyoichagua itafika na itafika kwa muda gani. Mwaka wa kwanza na wa pili umejaa kalkulasi, matriki, uwezekano na hisabati ya mantiki, na wengi wanaoacha kozi huachia hapo, wakishangaa kwa nini hawajafundishwa kutengeneza programu ya simu.

Fizikia ina utetezi dhaifu kidogo, niseme ukweli. Lenzi na mawimbi ya KCSE hutayakuta ukiandika programu ya benki. Utakutana na umeme: saketi, swichi, jinsi hali mbili tu, upo au haupo, zinavyounganishwa hadi zikawa kifaa kinachojumlisha. Kuna kozi nzima ya elektroniki ya dijitali, na aliyeikimbia fizikia huanza nyuma ya wenzake. Lakini kubwa zaidi ni kwamba sharti liko, ulipende usilipende, na mwombaji habishani na mtambo wa udahili.

Kinachosikitisha ni kwamba fizikia ndiyo sayansi inayoachwa zaidi. Kila mwaka watahiniwa wake wa KCSE ni wachache mno ukilinganisha na wa kemia na biolojia. Shule nyingi za mitaani huiogopa kwa sababu vifaa vya maabara ni haba, na mwalimu mkuu hupenda somo litakaloinua wastani wa shule. Wasichana huambiwa, kwa upole kabisa, kwamba biolojia itawafaa zaidi. Hakuna anayewaambia siku hiyo kwamba wamevuka mto ambao kivuko chake ni kimoja.

Sasa tufungue mtambo wenyewe. KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya bodi ya zamani ya udahili, halipangi wanafunzi kwa gredi ya wastani peke yake. C+ ya wastani inakupa haki ya kuomba digrii, basi. Kinachopanga foleni ni alama za klasta. Kanuni iliyozoeleka ni hii: chukua alama zako katika masomo manne ya kozi, ugawe kwa 48, chukua jumla ya alama zako za masomo saba, ugawe kwa 84, zidisha majibu mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, hivyo hadi chini.

Tuweke wanafunzi wawili wa kubuni, majirani wa ploti moja. Wa kwanza ana B ya chini kabisa, alama 60: hisabati A-, fizikia B+, kemia B, jiografia B+, na katika Kiingereza, Kiswahili na biolojia amechechemea kwa C+, C+ na C. Masomo yake manne ya kozi, yaani hayo manne ya kwanza, yanafika 40. Wa pili ana B ya juu kabisa, alama 66, amebakiza moja tu kugusa B+: A mbili za lugha, kemia B, biolojia B, jiografia B+, lakini hisabati na fizikia ni C+ zote mbili. Masomo yale yale manne yanampa 33. Ukipiga hesabu, wa kwanza anapata 37.03 na wa pili 35.28. Mtaani atakayechinjiwa kuku ni wa pili. Katika foleni ya sayansi ya kompyuta, wa kwanza yuko mbele, tena mbali, kwa sababu watu husongamana kwenye sehemu ndogo za alama. Huna haja ya kikokotoo siku ya kuomba. Alama zako za kila klasta utazikuta zimeshawekwa kwenye ukurasa wako wa KUCCPS. Ila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akiijua hesabu hii leo, atajua jioni moja ya ziada aitumie kwenye kitabu gani.

Neno jingine linalopotosha ni alama ya mwisho ya kuingia. Wazazi hulichukulia kama bei iliyobandikwa na chuo. Hakuna anayeipanga. Ni alama za yule mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita, na mwaka huu ikija foleni ndefu zaidi itapanda, ikipungua itashuka. Ndiyo maana fomu ina nafasi kadhaa. Chaguo la kwanza lina a, b na c, kwa kozi ya aina moja katika vyuo tofauti, halafu yanafuata mengine. Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuzijaza zote tatu kwa vyuo ambavyo alama zake za mwaka jana zilikuwa juu ya zako. Weka kimoja cha kutamani, kimoja cha saizi yako, kimoja ambacho huna wasiwasi nacho. Na tafadhali, usimwachie kijana wa saiba akuchagulie. Ana watu sita nyuma yako kwenye benchi na hajui fizikia yako ilikuwaje.

Kuhusu majina ya kozi, yanafanana mno kwa kusudi la soko. Sayansi ya kompyuta ndiyo yenye hisabati nyingi zaidi na ndiyo pana zaidi. Teknolojia ya habari huegemea kuendesha mitambo, mitandao na hifadhidata za mashirika. Ile ya teknolojia ya habari ya biashara, inayojulikana kwa herufi BBIT, huchanganya uhasibu na uongozi. Uhandisi wa kompyuta ni jambo jingine kabisa: uko chini ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta hawezi kusajiliwa kama mhandisi hata awe hodari vipi. JKUAT kule Juja na Maseno wana kozi zinazounganisha hisabati na kompyuta, ambazo watu huzipita kwa sababu jina halina mvuto. Mimi ningempeleka mtoto wangu huko bila kusita. Siku hizi zimezuka digrii za sayansi ya data, usalama wa mitandao na akili unde. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa 2023 na kinachofundisha kwa njia ya mtandao, kinatoa digrii za aina hiyo. Maoni yangu ni kwamba digrii ya kwanza iwe pana. Jina la kisasa linachakaa, hisabati haichakai.

Tukifika kwenye vyuo vyenyewe, mtoto wa Kariobangi ana bahati ambayo mwenzake wa Lodwar hana. Kwa matatu mbili au pungufu anafika Chiromo kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Haile Selassie kwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, Kahawa kwa Kenyatta, Ruaraka kwa KCA. Juja ni mbali kidogo lakini barabara ni moja, ukishatoka Outering na kuingia Thika Road. Kulala nyumbani kunaokoa kodi ya chumba na chakula. Kunagharimu pia: maabara huwa tupu saa mbili za usiku, na mwanafunzi anayewahi gari kabla msongamano haujaanza haoni saa hiyo.

Kabla ya kuamua, ingia kwenye mtaala wa chuo, usome mwaka wa pili na wa tatu. Je, kuna miundo ya data na algoriti, mifumo endeshi, nadharia ya ukokotoaji, au kuna orodha ndefu ya kujifunza programu hii na ile? Uliza wahadhiri wa kudumu ni wangapi, na kama mafunzo ya kazini hutafutwa na chuo au kila mtu hujitafutia. Hakikisha kozi imo kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Bango la barabarani silo orodha hiyo.

Fedha zina foleni yake ya pekee. Kupangiwa chuo na KUCCPS hakumaanishi umefadhiliwa. Tangu 2023 mwanafunzi huomba mwenyewe ufadhili wa Mfuko wa Vyuo Vikuu na mkopo wa HELB, na familia hubeba sehemu yake kulingana na inavyopimwa. Mfumo huo umeburutwa mahakamani na ada zimeguswa tena, kwa hiyo tazama tangazo la mwaka wako, usitegemee la kaka yako. Anayechagua chuo cha binafsi apige hesabu akijua kwamba mkopo unaweza kuwepo lakini ufadhili wa serikali haumfuati huko.

Kwa walio kwenye mtaala mpya, karatasi ya kuchagua masomo imesogea mbele. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya 2027. Uamuzi sasa unafanywa Gredi ya 9: mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, au ule wa sanaa na michezo. Hisabati inasomwa na wote, lakini ile nzito ni ya mkondo wa kwanza, na nyepesi ni ya mikondo mingine. Mzazi anayewaza kompyuta aulize shule anayoichagua kama inafundisha fizikia kwa kweli, ikiwa na mwalimu na maabara, kabla ya kuuliza kama ina kompyuta. Shule ikikosa kompyuta, kitu kidogo kinaweza kufanyika nje, hata kwenye maktaba ya Eastlands kule Makadara kwa anayetaka tu meza tulivu. Ikikosa mwalimu wa fizikia, hakuna saiba itakayoziba.

Na aliyekwisha kukosa nafasi ya digrii? Stashahada huanzia C-, na taasisi za kiufundi kama ile ya Nairobi iliyoko Ngara zinafundisha kompyuta kwa ada ambayo familia nyingi zinaiweza. Akimaliza vizuri anaweza kuomba digrii, na vyuo vingine humhesabia baadhi ya masomo aliyokwisha kusoma. Vingine humrudisha mwaka wa kwanza kana kwamba hajasoma chochote. Jibu la hilo lipatikane kwa maandishi kutoka ofisi ya udahili ya chuo anachokitaka, kabla hajalipa ada ya muhula wa kwanza wa stashahada.