Mwaka Mmoja wa Shule Nchini Marekani

Mwanafunzi wa kubadilishana ni kijana wa sekondari anayekwenda kusoma katika nchi nyingine kwa mwaka mmoja, akiishi na familia ya huko, kisha kurudi kwao. Shirika la AFS, lililoanza kama kikosi cha madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa wakati wa vita, limekuwa likibadilishana wanafunzi wa sekondari tangu mwaka 1947. Mpango mwingine, ambao Tanzania imeshiriki, ni Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa mwaka 2002 na kupewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Huo hugharimiwa na serikali ya Marekani: nauli, bima ya afya na posho ndogo ya kila mwezi. Ndiyo maana mtoto wa mkulima wa kahawa wa Umatengo au wa mvuvi wa Liuli anaweza kushindana na mtoto wa Dar es Salaam, mradi Kiingereza chake kinatosha na maendeleo yake darasani ni mazuri.

Familia inayompokea mwanafunzi hailipwi. Inatoa kwa hiari chumba, chakula na muda wake, na kwa kawaida inataka mgeni awe mtoto wa nyumbani kuliko mpangaji. Baba na mama wenyeji mara nyingi huitwa kwa majina yao ya kwanza, jambo linalomwia vigumu kijana aliyezoea kuanza siku kwa shikamoo. Kazi za nyumbani zinagawanywa bila kujali nani ni mvulana na nani ni msichana: huyu anapanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea, yule anatoa takataka usiku wa kuamkia siku ya gari la taka, mwingine anamtembeza mbwa, ambaye naye analala ndani. Chakula cha jioni huliwa mapema, karibu saa kumi na mbili, na mara nyingi ndicho chakula pekee kinachowakutanisha wote mezani.

Hapo mezani ndipo wageni wengi hupata tabu ya kwanza. Kwa watu wa Mbinga na wa Ziwa Nyasa, mgeni mwenye adabu hukataa kidogo, mwenyeji husisitiza, na chakula huliwa. Marekani mtu akiulizwa kama anataka kuongezewa, akajibu hapana, sahani ya nyama inapita kwa jirani yake na neno limekwisha. Hakuna aliyemdharau, jibu lake limeheshimiwa. Ni hivyo hivyo kwa blanketi la pili, dawa ya kichwa au nafasi ya kupiga simu nyumbani. Kijana anayengoja aulizwe anaonekana ameridhika, hata kama analala na baridi. Kujifunza kuomba bila kuona haya ni kazi kubwa kuliko kuzoea theluji, na anayeiweza mapema hupata mwaka mzuri.

Shuleni nako kuna mengi ya kuzoea. Elimu ya msingi na sekondari ina madarasa 12, na manne ya mwisho ndiyo sekondari ya juu. Shule za umma hazitozi ada. Zinaendeshwa kwa fedha za jimbo pamoja na kodi ya majengo ya wenyeji, chini ya bodi ambayo katika maeneo mengi huchaguliwa kwa kura. Nyingi hazina sare. Mwalimu anabaki katika chumba chake na wanafunzi ndio wanaohama: kengele inalia, dakika chache za kupita koridoni, wengine wakisimama kwenye kabati zao za chuma kubadilisha vitabu, kisha mlango unafungwa. Kila mwanafunzi ana ratiba yake, kwa hiyo aliyekaa naye kwenye hisabati huenda asimwone tena siku nzima. Kwa kijana aliyesoma na mkondo mmoja tangu Kidato cha Kwanza, upweke wa mwezi wa kwanza unatokana na hilo zaidi ya lugha.

Alama hazingoji mtihani wa mwisho. Kazi ya nyumbani, majaribio ya kila wiki, insha na hata kuchangia darasani vyote vinahesabiwa. Mwanafunzi anayenyamaza kwa heshima anaweza kupunguziwa alama kwa sababu hiyo. Masomo yanayoisha yapata saa tisa alasiri yanafuatwa na michezo, muziki, tamthilia na vilabu, na humo ndimo marafiki wanapatikana. Mchezaji mpira hodari wa Mbamba Bay atakuta timu yenye kocha, usafiri na ratiba ya mechi. Asiyejua mchezo wowote anaweza kujiunga na wakimbiaji wa nyika, ambao kwa kawaida humpokea yeyote anayejituma.

Nje ya miji mikubwa, maisha yamejengwa juu ya gari. Duka, kanisa, msikiti na nyumba ya rafiki vyote viko mbali, hakuna bodaboda, na mwanafunzi wa kubadilishana haruhusiwi kuendesha. Basi la shule la rangi ya manjano hupita kwa dakika zilizopangwa wala halimngoji mtu. Bei iliyobandikwa dukani nayo si ya mwisho, kwa kuwa katika majimbo mengi kodi huongezwa wakati wa kulipa.

Mtu wa nyanda za Umatengo anaijua baridi ya Juni na Julai, lakini Minnesota wakati wa Januari joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na jua huzama karibu saa kumi na moja jioni. Maziwa madogo yanaganda hadi watu wanatoboa barafu na kuvua wakiwa wamekaa juu yake. Mtoto wa Nyasa ana ya kusimulia hapo. Ziwa Superior lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,000, karibu mara tatu ya Ziwa Nyasa, ila kina chake cha mita 406 hakifikii mita 700 za Nyasa. Na katika maduka ya wanyama wa kufugwa, samaki wadogo wa bluu na njano jamii ya mbuna, ambao asili yao ni miamba ya Ziwa Nyasa, wanauzwa wakiwa kwenye matangi ya vioo. Samaki aina ya mbasa na ugali wa muhogo havipatikani kirahisi. Kinachokaribia uji wetu ni mahindi ya kusaga yanayopikwa katika majimbo ya kusini.

Mwanafunzi hutakiwa kuieleza nchi yake mbele ya darasa, hasa wakati wa Wiki ya Elimu ya Kimataifa mwezi Novemba. Maswali mengine huichukulia Afrika kama nchi moja, na yajibiwe kwa uvumilivu. Zaidi ya hayo, aliyekuwa Mmatengo, Mngoni au Mnyasa anajikuta kwa mara ya kwanza akitambulika kwa rangi ya ngozi yake, katika nchi ambayo Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kutenga shule kwa rangi mwaka 1954 tu. Ni vema aisome historia hiyo kabla ya safari. Ajue pia kuwa shule hufanya mazoezi ya kujifungia madarasani endapo mtu mwenye silaha ataingia. Wazazi waambiwe hilo wazi.

Jambo la kupangwa mapema kuliko yote ni kalenda. Mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni. Anayeondoka Agosti akiwa Kidato cha Tatu anarudi Juni, wakati wenzake wako katikati ya Kidato cha Nne, na mtihani wa taifa wa NECTA ni Novemba. Mwaka wa huko hauchukui nafasi ya mtihani huo. Mzazi na mkuu wa shule waamue kabla ya fomu kujazwa kama kijana atarudia darasa au atakazana kwa miezi mitano. Aliyegharimiwa na serikali ya Marekani, kwa viza ya J-1, hutakiwa pia kukaa nchini kwake miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba viza ya kazi au ya makazi ya kudumu huko.