Usukani wa baiskeli: Kizibo kwanza, utepe baadaye

UKIPITA soko la Kashikishi asubuhi, kabla jua la Ziwa Mweru halijawa kali, utakuta baiskeli nyingi kuliko magari. Baadhi zimefungwa magunia ya chisense, zikielekea Chienge na mpaka wa Lunchinda, ambako ng'ambo yake ni Pweto. Nyingine zinateremshwa ufukweni kwenye boti za Kilwa. Sisi wa Katanga huiita kinga, na kwa wafanyabiashara wa pande hizi za Mofwe ndiyo lori lao.

Mfanyabiashara hukagua tairi, spoku na keria, lakini mahali anaposhika kutwa nzima hupatazama mwisho. Raba za kiwandani huisha mapema, na baada ya hapo kila mtu hufunga alichonacho: kipande cha tyubu, tambara la kitenge, au selotepu nyeusi ya mafundi umeme. Wengi huona hilo kuwa ni pambo tu. Mimi sikubaliani nao.

Chukua suala la ganzi. Anayeendesha saa nyingi kwenye njia ya mawe, huku ameegemea usukani, hukandamiza mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo. Kidole hicho na cha pili yake huanza kufa ganzi, na mkono hukosa nguvu ya kukaza breki. Kwa mwenye gunia nyuma kwenye mteremko, hilo si jambo dogo. Kitambaa kinene kiasi chini ya kiganja husaidia, pamoja na kubadili mshiko mara kwa mara na kuinua usukani kidogo. Lakini usizidishe unene, kwani mkono mdogo hautazunguka vizuri, na mshiko mbovu ni hatari kuliko ganzi yenyewe.

Waendesha baiskeli za mashindano, zile za usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo, wana utepe wao maalumu. Septemba 2025 dunia nzima iliuona Kigali, mji ulipokuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Utepe huo ni laini, una upana wa sentimita tatu hivi, na kila upande huhitaji takriban mita mbili. Ukiupata mitumbani, nunua. Usipoupata, tyubu kuukuu iliyokatwa kwa urefu inafaa sana wakati wa mvua, ingawa hupata moto juani na kuchafua mikono. Pamba hunyonya jasho, lakini ikilowa maji ya samaki hukakamaa na kunuka. Selotepu peke yake nisingeishauri: joto likizidi, gundi yake hutoka ikakunasa vidole.

Ufungaji una kanuni yake. Safisha usukani hadi mafuta yote yatoke. Anzia nchani, uelekee katikati, kila mzunguko ukilalia uliotangulia kwa theluthi hadi nusu ya upana. Hivyo kiganja kinapoteleza kwenda nje hakikutani na ukingo wa kuuinua. Vuta kwa nguvu ya wastani. Kujua uzungushe upande gani, shika usukani mtupu, ukaze kama unayepanda mlima, uone kiganja kinasokotea wapi. Utepe nao uelekee huko huko, ili kila unapokaza, nao ujikaze. Selotepu sasa ina kazi yake, yaani kufunga mwisho wa utepe karibu na shingo ya usukani.

Angalia pia mkono wa breki. Katika baiskeli nyeusi za breki za vyuma, utepe ukipanda juu ya maungio, breki haitarudi au haitashika. Wenye Buffalo wana nafuu, kwa kuwa breki yao ya nyuma hukazwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kama mwalimu. Nilisoma uhamishoni, katika kambi ya Kala kule Kawambwa, na tangu wakati huo hadi leo darasani naona jambo lile lile: mtoto juu ya baiskeli ya baba yake, na nchani mwa usukani bomba liko wazi. Raba imeisha, chuma kimebaki kama kisu cha mviringo. Mtoto akianguka, usukani hugeuka na ncha ile humkita tumboni. Madaktari wanalijua jeraha hili: ini, wengu, kongosho au utumbo unaweza kupasuka bila damu kuonekana nje. Alama inaweza kuwa duara dogo tu la wekundu, na mtoto akasimama akacheza, kisha maumivu yakaanza baada ya saa kadhaa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali, kama ile ya St. Paul's hapo Kashikishi, asisubiri kesho.

Kwa hiyo kabla ya utepe, ziba bomba. Utepe halisi huuzwa na vizibo vyake. Pasipo navyo, chonga mti mgumu uingie kwa kubana, kichwa chake kiwe kipana kuliko bomba. Ncha ya utepe ikunjwe ndani, kisha kizibo kiibane. Gunzi la mahindi halifai, kwani mvua moja tu hulilainisha.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kati ya Desemba na Februari, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia na baiskeli nyingi zinapumzika. Fungua utepe wote wa zamani, kwa maana jasho na maji ya samaki hula chuma chini yake bila kuonekana. Sugua kutu, pitisha kidole polepole hasa karibu na shingo, na ukigusa ufa, usifunge utepe tena juu yake. Tafuta usukani mwingine.