Mbele ya kuweka Windows mpya, madeni ya mbegu yanakiliwe kwanza

Karibu na majira ya mvua yaliyopita, koperative moja ya upande wetu wa Kinkondja ilituma kompyuta yake kwa fundi kule Kamina. Ilikuwa nzito sana kuwaka, na virusi vilikuwa vimejaa. Katibu aliipakia ndani ya mashua mpaka Bukama, halafu akapanda treni. Fundi alifanya kazi aliyoombwa: alifuta yote, akaweka Windows mpya. Mashine ilirudi nyepesi kabisa. Ila orodha ya mbegu za mahindi walizokopeshwa wanachama haikuwamo tena.

Fitina ikaanza. Kila mtu alikumbuka deni la jirani, lake hapana. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kurudisha mifuko yake aliitwa kulipa mara ya pili, na karatasi hakuwa nayo.

Kosa letu pia liko hapo. Ni sisi maagronomu tuliowaambia waache makaye, waandike yote katika kompyuta. Namna ya kunakili hatukuwafundisha.

Kuweka Windows upya mara nyingi ni kusafisha diski nzima, kama vile kuchoma shamba bila kutoa mihogo iliyomo. Kwa hiyo, mbele ya kumpa fundi mashine, nunueni fleshi mbili. Nakilini yote yaliyo katika «Bureau», «Documents», «Images» na «Téléchargements». Msisahau programu ya hesabu, kama mko nayo: mara nyingi inaficha data zake mahali pengine, ndani ya folda yake yenyewe. Ifungueni, mtafute mule ndani amri ya «Sauvegarde», na ile faili itakayotoka muiweke kwenye fleshi. Andikeni pia nywila, na namba ya leseni ya programu, juu ya karatasi.

Wengine wanasema: tuliweka nakala kwenye diski D, inatosha. Haitoshi! Mara nyingi C na D ni diski moja iliyokatwa vipande viwili, na fundi anaweza kuvifuta vyote.

Fanyeni kazi hiyo wakati betri imejaa, si jioni wakati pano za jua zimechoka. Umeme ukikatika katikati, faili inaweza kubaki nusu. Mkimaliza, pelekeni fleshi kwenye kompyuta nyingine, mfungue orodha ya madeni, muisome mpaka mstari wa mwisho. Jina la faili kuonekana si kusema kwamba inafunguka. Tumekwisha kuona fleshi za bei ndogo zinazoonyesha majina tu, ndani hakuna kitu. Fleshi moja ibaki kwa mweka hazina, ya pili kwa rais. Msizitume zote mbili Kamina pamoja na mashine, kwani mashua ikizama zinazama zote.

Na jambo hili si la ugomvi wa kijiji peke yake. Sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010 inadai kila koperative iwe na rejista ya wanachama wake kwenye makao. Mwenye mkopo akija kuuliza, hamtamjibu kwamba fundi alifuta.

Kuna wengine watakaoguswa na kazi hii sasa: Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za koperative ziko bado na ile.

Yule mama aliokolewa na mzee wa mzani. Mzee huyo hakutusikiliza tulipomwambia aache kaye yake, akaendelea kuandika kwa bik kila mfuko uliopita mbele yake. Tulikaa naye siku tatu chini ya mwembe tukiandika orodha upya, na mifuko ya mama ilikuwamo. Ya watu wengine saba hatukuipata, na mkutano haujakata neno juu yao mpaka leo.