Watoto wamechanjwa, na sisi wamama?

Penta tunaijua sote. Wiki 6, wiki 10, wiki 14: mtoto mgongoni, kadi mkononi, sindano, kilio, tunarudi nyumbani. Sindano hiyo inakinga magonjwa matano, na mojawapo ni hepatiti B, inayoharibu ini polepole, miaka mingi bila dalili. Inchi yetu iliitia katika chanjo za watoto mwaka 2007. Sisi tuliozaliwa mbele ya hapo hatukuipata utotoni.

Na hapa Luano, wanaoshika damu ya wengine ni sisi. Mama anayezalisha jirani usiku wakati gari halipatikani. Anayefua mashuka ya maternite. Anayenyoa watu kwa wembe. Tuwaongeze mke ambaye bwana wake amekutwa na ugonjwa huu, na mtu wa SS anayewekewa damu mara kwa mara. Virusi hivi vinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo damu iliyokauka bado ni hatari. Lakini kula sahani moja hakuambukizi, wala kushikana mikono. Kumtengea shemeji kikombe chake ni kumwonea bure.

Kwanza mtu apimwe damu. Aliye nayo tayari, chanjo haimsaidii tena. Amwone daktari, dawa za kutuliza virusi zipo. Akiwa na mimba, aseme mapema: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 wanabaki na ugonjwa huo maisha yao.

Asiye nayo anachomwa sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo inayopotea. Miezi 6 ni mirefu, na pesa inakwenda shuleni au kwa chakula. Aliyechelewa asianze upya, aendelee pale alipofikia.

Chanjo ya bure ni ya watoto. Mkubwa kwa kawaida analipa. Sisi tunaona likelemba inaweza kufanya kazi hii. Kikundi kiulize kituoni bei ya kipimo na ya sindano zote 3 kabla ya kuanza, kianze na wanaozalisha, na pesa ya sindano ya tatu ibaki kwa mutunza sanduku. Tarehe yake iandikwe katika daftari la kikundi, pale pale tunapoandika madeni ya sabuni.