Tembre ya zamani: isome kwanza, usiikate kwenye anvelope

Unafungua kantini ya marehemu muzee, na chini ya karatasi za shule unakuta fungu la barua. Kwenye kona kuna tembre, ama stempu kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania. Wengi hapo hapo wanashika makasi, wanakata tembre, anvelope inaenda kuwashia moto. Weka makasi chini kwanza. Mara nyingi anvelope nzima ndiyo yenye bei, na ndiyo yenye habari ya familia.

Anza kwa kusoma jina la nchi. Tembre za kwanza za Congo zilitoka tarehe 1 Januari 1886, na sura ya mfalme Léopold II. Penye maneno Etat Indépendant du Congo, tembre ilichapwa mbele ya Ubelgiji kuchukua nchi mwaka 1908. Halafu ni Congo Belge, na kuanzia 1910 lugha mbili pamoja: Congo Belge na Belgisch Congo. Uhuru ulipofika 1960, tembre za wabelgiji zenye maua zilipigwa neno CONGO juu yake. Katanga nayo, ilipojitenga, ilipiga neno KATANGA juu ya tembre zile zile za mukoloni.

Pa kuchanganyikiwa ni République Démocratique du Congo, kwa sababu jina hilo lilikuwako mbele ya Zaïre na likarudi 1997. Hapo utazame feza. Franka ilitumika mpaka 1967. Kisha zikaja makuta na zaïre, na kwenye tembre utaona K ama Z. Franka ya Congo ilirudi 1998. Kwa hiyo jina hilo pamoja na K, ni kati ya 1967 na 1971, jina la Zaïre lilipoingia. Jihazari tu na za Brazzaville: République Populaire du Congo si sisi, ni jirani ngambo ya mto.

Maneno yaliyopigwa juu ya tembre yanaleta wadanganyifu wengi. Tembre za Congo Belge zilizopigwa RUANDA ama URUNDI mwaka 1916, wakati jeshi la wabelgiji lilipoingia kwa wadachi, zinatafutwa sana, na ndiyo maana za uongo ni nyingi mno. Usizilipie feza nyingi kama mjuzi hajaziona kwa lupu.

Sasa hali yake. Hesabu meno ya pembeni: jino moja likikatika, bei inashuka. Inua tembre mbele ya mwanga. Mahali panapong'aa kuliko pengine, karatasi imechunika kwa nyuma. Tazama kama picha iko katikati, kama jua limekula rangi, kama kuna madoa ya kahawia. Madoa hayo ni unyevu, na huku kwetu karibu na ziwa ndiyo adui mukubwa. Kwa ile ambayo haijatumwa, kole ya nyuma iwe nzima. Kuongeza kole, kupiga pasi ama kubandika skochi kunaharibu kabisa.

Kashe ya posta nayo isikuchukize. Kashe nzito nyeusi inafunika picha, ni kweli, lakini kashe safi yenye jina na tarehe inaweza kupita tembre yenyewe kwa thamani. Costermansville ni Bukavu, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani. Tembre ya kawaida kabisa, ikiwa na kashe ya posta ndogo ya kijiji, mkusanyaji anaweza kuipigania. Ukiikata, nusu ya jina inabaki kwenye anvelope. Na kwa familia ambazo vita viliwaunguzia karatasi zote, anvelope yenye jina la babu, mahali na tarehe ni ushahidi ambao posta haitawaandikia tena.

Juu ya bei, tusidanganyane: tembre nyingi za miaka ya 1950 na za wakati wa Zaïre zilichapwa kwa wingi, na hazina bei kubwa. Namba unazoona kwenye katalogi kama ya Yvert et Tellier ni za tembre nzima, kwa bei ya duka. Mnunuzi atakupa chini ya hapo. Mtu akitaka kununua akiwa mbali, mtumie picha za mbele na nyuma, pamoja na anvelope yote. Barua yenyewe ibaki kwako, ndani ya karatasi kavu, mpaka mkubaliane.