Joto la niasini ngozini

Mtu anameza vidonge vya niasini asubuhi, hata chai hajanywa. Nusu saa haijaisha, uso unawaka, masikio yanawaka, joto linateremka shingoni hadi kifuani, na ngozi inawasha kana kwamba imeguswa na upupu. Kwa mtu mweupe wekundu huonekana wazi. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi aghalabu hauonekani, basi mgonjwa analalamika huku waliomzunguka hawaoni kitu, naye anaishia kudhani presha imepanda au dawa imemkataa.

Presha haijapanda. Wakati mwingine hata hushuka kidogo, ndiyo maana wengine huhisi kizunguzungu wakisimama ghafla. Kinachotokea kiko ngozini. Niasini ni vitamini B3, ile ile iliyomo kwenye karanga, samaki na nyama, na mtu mzima huhitaji miligramu 14 hadi 16 tu kwa siku. Mwaka 1955, Rudolf Altschul na wenzake huko Saskatchewan, Kanada, waliona kwamba ikitolewa kwa wingi hushusha kolesteroli. Wingi huo ni gramu 1 hadi 3 kwa siku, zaidi ya mara sitini ya mahitaji ya lishe. Kwa dozi kubwa namna hiyo, baadhi ya seli za ngozi huinasa niasini na kuachia kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo hutanua mishipa midogo, damu hujaa chini ya ngozi, na joto hupanda.

Ukishajua hivyo, utaelewa kwa nini aspirini husaidia: huzuia mwili kutengeneza prostaglandini hizo. Daktari anaweza kuagiza kidonge kimoja cha miligramu 300 au 325, kimezwe nusu saa kabla ya niasini. Nasema daktari kwa makusudi. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asijaribu njia hii kwa uamuzi wake. Na ambaye tayari anameza aspirini ndogo ya moyo kila siku aseme mapema, asije akajaza juu ya ile aliyonayo.

Lakini kabla ya aspirini, anza na mazoea ya kula na kunywa. Meza niasini pamoja na chakula. Chai ya moto, supu ya pilipili, pombe na kuoga maji ya moto viwe mbali na saa ya dawa, kwani vyote hutanua mishipa na kuongeza joto lile lile. Vidonge vinavyoyeyuka polepole humezwa usiku wakati wa kulala, baada ya kula kitu chepesi, ili joto likija likukute usingizini. Visivunjwe wala kutafunwa, maana dawa yote itamwagika tumboni kwa mkupuo. Dozi nayo hupandishwa taratibu: kwa vidonge hivyo kawaida ni miligramu 500 kwa wiki nne za kwanza, ndipo 1,000. Mwili huzoea ndani ya wiki kadhaa. Ukikatiza kwa siku nyingi mazoea hupotea, na inabidi daktari akurudishe kwenye dozi ya chini.

Jihadhari na chupa zinazouzwa kwa sifa ya kutowasha. Nyingi zina nikotinamidi, au niasini iliyofungwa na inositoli. Nikotinamidi haiwashi, na kolesteroli haiigusi. Ile ya inositoli nayo haijaonyesha faida ya maana. Umelipia utulivu wa ngozi, mafuta ya damu yamebaki palepale.

Watengenezaji wa dawa nao waliwahi kulizima joto hilo kwa kuichanganya niasini na laropipranti, dawa inayoziba njia ya prostaglandini. Mchanganyiko huo ulijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 25,000 wa Uingereza, Skandinavia na China, wote wakitumia statini, dawa za kushusha kolesteroli. Joto lilipungua, lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa kiwango cha maana, huku kisukari, maambukizi na kutokwa damu vikiongezeka. Mwaka 2013 dawa ikaondolewa sokoni. Utafiti mwingine wa Marekani, uliopima niasini pamoja na statini, ulikatizwa mwaka 2011 kwa kukosa faida.

Kwa hiyo, kwa wagonjwa wengi leo statini ndiyo dawa ya kwanza, na niasini imebakiwa na nafasi ndogo sana. Kama unaitumia kwa kujinunulia, nakusihi ipeleke chupa yako kwa daktari akupime ini, sukari na asidi ya yuriki inayoleta jongo. Ukiona macho ya manjano au mkojo wa rangi ya kahawia, acha kuimeza na uende hospitali siku hiyo hiyo. Uso ukivimba au pumzi ikibana, huo ni mzio: usingoje hata saa moja.