Mtoi alifanyiwa opareshoni ya utumbo na bado anajichafulia? Usimchape!
Mzazi, weka mwiko chini kwanza. Kuna watoi huzaliwa mwisho wa utumbo ukikosa neva za kusukuma choo. Ugonjwa unaitwa Hirschsprung, na hupata karibu mtoto 1 kati ya 5,000. Daktari hukata hicho kipande, akaunganisha sehemu iliyo sawa na njia ya haja.

Opareshoni huokoa maisha, lakini wengine hukaa miaka wakifunga choo, ama kinatoka bila wao kujua. Si uvivu, si kiburi. Wengi huimarika wakiendelea kukua.

Akishakula, mkalishe chooni bila haraka. Ongea na tichee amruhusu kutoka bila maswali, na umpakie nguo ya kubadilisha. Tumbo likifura na ashikwe na homa, kimbia hosi saa hiyo hiyo.